Moto Ndani ya Mdomo

Wiki moja, ndimi kumi na moja.

Bhoke alihesabu mara mbili kwa sababu hata yeye mwenyewe hakuamini. Jumatatu walikuja kadeti wawili, Jumanne watatu, na kufikia Ijumaa benchi la zahanati lilikuwa limejaa vijana wakubwa wenye mabega kama milango, wote wametoa ulimi nje kama mbwa wa jua kali. Ndimi zimeungua. Ufizi umevimba. Kaakaa limechubuka kama kiazi kilichomenywa na mlevi. Na ukiwauliza, jibu ni moja tu, utadhani wamelifanyia kwata.

"Chai, sista. Chai ilikuwa moto."

"Chai ya hapa?" Bhoke alimuuliza wa kumi na moja, kijana mrefu anaitwa Javan, mwenyeji wa Magunga kando ya ziwa. "Chai ya hapa inatoka jikoni ikiwa baridi kuliko maji ya ziwa. Juzi nzi alianguka ndani, akaogelea, akatoka, akaenda zake. Hiyo ndiyo imekuchoma wewe?"

Bhoke akachovya pamba kwenye dawa ya zambarau, akampaka ulimi wote mpaka nyuma, na hakupaka kwa upole. Alikuwa dresa, mfunga vidonda na mgawa dawa wa chuo hiki cha makadeti, juu ya kilima nje kidogo ya Homa Bay, mwaka wake wa tatu sasa. Msabato wa Kuria, mwembamba, sauti ndogo, na maneno yake yalikuwa yanauma kuliko sindano. Kadeti waliogopa kuugua kwa sababu yake.

"Kalamu iko chini," akasema. "Sijaandika. Niambie ukweli, ama niandike 'ameungua na ujinga' na nipeleke kwa Kapteni."

Javan akaangalia mlango, akainama.

"Ni dani yangu, sista."

"Nyanya yako amekuja hapa kukuchoma ulimi?"

"Hapana! Ni vile yeye huvuta. Wamama wazee wa kwetu, wale wa kando ya ziwa, hugeuza sigara. Upande wa moto unaingia ndani ya mdomo, unafunga midomo, basi. Upepo hauzimi, mvua haizimi, mikono iko huru. Dani anasuka kapu, anapika samaki, anatukana watoto, na moto uko ndani. Hakuna mtu anaona kitu."

"Na wewe ukawafundisha wenzako."

"Waliniomba, sista! Kapteni ametuwekea mtu wa kunusa vidole, si ndiyo? Sasa hii haishikwi na vidole. Haitoi moshi mingi. Ukimaliza, unameza majivu, unatema kipisi kwa majani."

Bhoke akamtazama kama mtu anatazama kuku aliyejitumbukiza kwenye sufuria mwenyewe.

"Dani yako ana miaka sabini ya mazoezi," akasema. "Nyinyi mna wiki mbili. Toka."

Sasa, hii mambo yote ilianza na Kapteni Mochama. Alikuwa amerudi kutoka kozi Uingereza na masharubu mapya na wazo jipya: chuo chake kiwe cha kwanza nchini kisicho na mlevi wala mvuta tumbaku hata mmoja. Wazo zuri. Hakuna mtu alikuwa na neno kwa wazo. Mwaka uliotangulia kadeti mmoja alikunywa chang'aa akalala kwenye njia ya lori, na ni Mungu tu alimkumbusha dereva kutazama mbele. Ilikuwa lazima kitu kifanyike.

Lakini vile Kapteni alikifanya, wacha tu.

Kwanza alihutubia. Saa mbili nzima, kadeti thelathini wamesimama kwa jua, na Kapteni juu ya jukwaa, kiko mdomoni. "Tumbaku," anasema, anavuta, "ni adui," anatoa moshi, "kuliko hata yule wa mpakani." Kuna mmoja alithubutu kuangalia kile kiko muda mrefu kidogo. Kapteni akamwona. "Hii si sigara," akasema. "Hii ni kiko. Kiko ni ya kufikiria." Bhoke, aliyekuwa pembeni na sanduku lake la dawa, alijiambia kwamba kwa moshi wote huo wazo moja lingekuwa limeshatoka.

Pili, alitoa sheria. Kila asubuhi Sajini Zadock anapita kwenye mstari. Unampa vidole anavinusa, halafu unampulizia usoni naye anavuta pumzi yako kama mtu anaonja mchuzi. Sajini alichaguliwa kwa sababu ya pua. Ilikuwa pua kubwa, ya heshima, na watu walisema imepandishwa cheo kabla ya mwenyewe. Anayenuka sigara ama pombe, siku hiyo hiyo anafunga sanduku, anarudi kwao. Hakuna onyo, hakuna mara ya pili.

Basi kadeti wakaanza kula vitunguu vibichi. Walitafuna kama ng'ombe, asubuhi, kabla ya paredi. Sajini akinusa ni kitunguu tu, macho yanamtoka machozi, anaandika "sawa". Na Kapteni, walahi, aliandika kwenye ripoti ya Nairobi kwamba tangu kampeni ianze, kadeti wameanza kupenda mboga.

Bhoke alikuwa ndani ya kamati ya hiyo kampeni. Yeye tu ndiye alikuwa mwanamke, kwa hivyo waliketi wakimngojea alete chai. Alileta chai, akaketi, akasema.

"Afande, mimi naomba kitu kidogo. Kadeti akijua ameshikwa na pombe, ama sigara, aje kwangu. Jina lisiandikwe. Nimsaidie polepole aache. Ukimwambia atafukuzwa, hataacha. Atajificha tu."

Kapteni akagonga kiko kwenye kisigino cha kiatu.

"Dresa, jeshi haina mlango wa nyuma."

"Iko na dirisha, afande, na wanapitia hapo kila siku."

Sajini Zadock alicheka kidogo, akajikumbuka, akakohoa. Kapteni akamwambia Bhoke kwamba chai ilikuwa baridi.

Hapo ndipo mambo yalikuwa mpaka Jumapili mchana, wakati wenzake wako kwa mpira, Maroa alipokuja zahanati.

Maroa alikuwa kadeti. Maroa pia alikuwa ndugu yake Bhoke, wa tumbo moja, miaka sita nyuma yake, aliyebebwa mgongoni mwake kutoka kisima mpaka nyumbani huko Ntimaru hadi akawa mzito. Baba yao mzee Mirumbe alikuwa amekufa. Mama alibaki na mashamba na hawa wawili. Zilikuwa zimebaki wiki tatu Maroa avae nyota begani, na kule Kuria hakuna mtoto wa ukoo wao aliyewahi kuvaa hata kofia ya tarishi.

Alikaa kwenye benchi. Akafungua mdomo tu.

Bhoke aliangalia ndani, akafunga macho.

"Hata wewe," akasema.

"Dada, ni kidogo tu."

"Kidogo? Mura, kijana wangu, mdomo wako unafanana na tanuri la matofali. Na hiyo harufu nyingine ni ya nini?"

"Ni ya... inasaidia uchungu. Nasukutua tu halafu natema."

"Unasukutua na chang'aa."

"Natema."

"Nyoosha mkono."

Akanyoosha. Mkono ulikuwa unatetemeka, si sana, kama jani la mgomba upepo ukiwa mbali. Bhoke aliushika akaugeuza.

"Huu mkono unatema vibaya," akasema. "Tangu lini?"

Maroa akaanza kueleza vile wanaume hueleza, akianzia mbali. Ati kwata ni ngumu. Ati usiku hauishi. Ati wenzake walikuwa wanamcheka kwa sababu yeye ni Msabato, hanywi hata soda siku ya Sabato, wanamwita mchungaji. Siku moja akakubali kidogo, ili wanyamaze. Sasa walikuwa wamenyamaza kweli, na chupa yake ya maji ya kijeshi haikuwa na maji tangu mwezi uliopita.

"Kwa hivyo ili wakuone mwanaume," Bhoke akasema, "ulienda kujifunza kuvuta kama bibi kizee."

Maroa akaona haya, halafu akakasirika, kwa sababu haya na hasira kwake zilikuwa zinakaa nyumba moja.

"Usiandike, dada. Ukiandika nimekwisha. Na Jumatano ni Macalder."

"Macalder kuna nini?"

"Mazoezi ya baruti. Kwa yale mashimo ya mgodi wa zamani. Brigedia anakuja kutoka Nairobi. Mimi ndiye nimechaguliwa kufunga fataki."

Bhoke alijua fataki. Alikuwa ameshawahi kumwona mchimba dhahabu wa huko Nyatike aliyeshika moja vibaya. Ni kidude cha chuma kidogo kama kalamu ya risasi, unaingiza utambi ndani, unakibana na koleo taratibu, halafu kinatiwa kwenye baruti. Bila hicho baruti inalala. Na hicho, ukikigonga, ukikipatia moto, hakiulizi wewe ni mtoto wa nani. Yule mchimba dhahabu alikuwa amebaki na vidole viwili, na alijiita mwenye bahati.

"Utaacha?" Bhoke akauliza. "Leo. Mpaka Jumatano ipite, na baada ya hapo nitakusaidia mimi, hapa, hakuna mtu atajua."

"Nitaacha."

"Angalia uso wangu uniambie."

"Nitaacha, dada. Haki ya Mungu."

Bhoke akaiacha kalamu chini. Hilo ndilo kosa lake, na baadaye hakulikataa.

Jumatatu alienda kwa Kapteni. Hakutaja jina. Alisimama mbele ya meza, akamweleza polepole kama unavyomweleza mgeni njia ya kwenda sokoni: kuna namna ya kuvuta na moto ndani ya mdomo, kadeti wameijua, pua ya Sajini haiwezi kuikamata, na hawa watu Jumatano wataenda karibu na baruti.

Kapteni alicheka mpaka masharubu yakasahau pahali yanakaa.

"Moto ndani ya mdomo! Dresa, mtu akiweka moto mdomoni si ataungua?"

"Ndiyo maana wako kwangu, afande. Kumi na wawili sasa."

"Hiyo ni chai. Nimeshamwonya mpishi." Akafungua droo, akatoa karatasi iliyopigwa chapa vizuri. "Angalia. Siku arobaini. Wavuta sigara, sufuri. Walevi, sufuri. Brigedia anakuja kuona kwa macho yake. Unataka nimwambie nini, ati kadeti wangu wanakula makaa?"

"Mwambie wakaguliwe mdomo."

"Wao si punda," Kapteni akasema, akawasha kiko.

Bhoke alitoka. Kwa mlango akamwambia Sajini Zadock, "Jaduong', mzee, wewe ni mtu wa ziwa. Unajua hii kitu wamama huvuta."

Sajini akakuna ile pua. "Najua, nyathina, mwanangu. Mama yangu mwenyewe. Lakini Kapteni ameandika sufuri, na mimi nani niongeze?"

Jumatano asubuhi lori mbili na landrova ya wagonjwa zikateremka barabara ya Rongo, zikapita Migori, zikaingia vumbi la Macalder. Mgodi ulikuwa umefungwa. Mabati ya zamani yalikuwa yanagongana kwa upepo, mashimo yamekaa wazi, na mbali kidogo wamama watatu walikuwa wanachekecha mchanga kwenye kijito wakitafuta dhahabu iliyobaki. Walipoona jeshi wakabeba karai zao wakahama. Hao ndio watu pekee waliotumia akili siku hiyo.

Mpishi alikoka moto wa chai mbali na maboksi, vile sheria inasema. Kadeti wakaenda kunywa. Walikaa kwa ule moto muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Bhoke aliwaona akiwa ndani ya landrova, akaanza kuwahesabu.

Brigedia akafika. Mzee mfupi, mtulivu, fimbo chini ya kwapa, hakuwa na maneno mengi. Kapteni alikuwa nayo ya watu wawili.

"Thelathini, afande. Hakuna hata mmoja anayevuta. Hakuna hata mmoja anayekunywa. Sajini, kagua!"

Sajini Zadock akapita. "Mikono!" Ananusa. Pumzi alikuwa ameshazinusa alfajiri, chuoni. "Kibiriti?" Hakuna. "Sigara?" Hakuna. Akafika mwisho wa mstari akageuka.

"Kadeti wote sawa?"

"Ndiyo, afandeee!"

Bhoke akakaa wima. Ile sauti ilikuwa nyembamba. Alikuwa amesikia hii kundi ikipiga kelele kila asubuhi kwa miaka, na thelathini hawalii hivyo. Akaangalia tena. Kuna waliofungua mdomo, na kuna waliotikisa kichwa tu, kwa nidhamu sana, mashavu yameingia ndani. Sajini hakuona kitu. Yeye aliajiriwa pua, si masikio.

"Kadeti Maroa, endelea!" Kapteni akaamuru.

Maroa akaitikia kwa kichwa. Akachuchumaa kando ya boksi la fataki, akafungua kifuniko. Hatua tatu kutoka kwake kulikuwa na lile boksi lingine, la baruti yenyewe, na Javan na wenzake kumi wamesimama kwenye shimo wakingoja apeleke. Akachukua fataki moja kwa mkono wa kushoto, koleo kwa mkono wa kulia. Kile kidude kikagonga ukingo wa boksi, ti-ti-ti, kama meno ya mtu mwenye homa.

Bhoke akafungua mlango wa landrova.

"Sista, wapi?" Nashon dereva akauliza. "Hatujaitwa."

"Nikingoja kuitwa nitaenda na gunia," Bhoke akasema, akateremka.

Alitembea. Hakukimbia, kwa sababu ukikimbia karibu na fataki unashtua mkono wenye koleo. Alifika, akachuchumaa kando ya ndugu yake kama mtu amekuja kuokota kitu, akamwambia kwa Kikuria, chini kwa chini, "Mura, weka hiyo kitu chini. Polepole."

Maroa akaweka. Macho yake yalikuwa mekundu. Harufu ilikuwa inatoka hata kwenye ngozi. Bhoke akachukua ile chupa ya maji iliyokuwa kiunoni mwake, akafungua kifuniko, akanusa. Aliona kwamba kama huyu mtu angekunywa tone moja sasa, na ule moto ulioko mdomoni, angekuwa taa.

"Dresa!" Kapteni akaita. "Rudi kwa gari!"

Bhoke akasimama. Bado alikuwa na njia moja, na aliijaribu, kwa sababu alikuwa dada kabla ya kuwa dresa.

"Afande, huyu kadeti ana homa kali. Namchukua. Weka mwingine."

Kapteni akamwangalia Brigedia, akaangalia Maroa. Homa haikuwa kwenye ratiba.

"Asubuhi alikuwa mzima. Kadeti Maroa, uko mgonjwa?"

Ilikuwa ni kutikisa kichwa tu. Juu chini, basi. Angelala kwenye landrova, angetema kile kipisi kwenye majani, wiki tatu, nyota begani. Dada yake alikuwa amemfungulia mlango mzima na kumshikia.

Maroa akamwangalia Brigedia, akaangalia wenzake waliokuwa wakimwita mchungaji, akapandisha kifua. Akatikisa kichwa kushoto kulia. Hapana. Akainama kuchukua koleo.

Aisee, kiburi! Kiburi cha kijana ni kitu cha kutisha, kinaweza kukataa hata kuokolewa.

Bhoke akaweka mguu juu ya koleo.

"Basi muulize tena, afande," akasema, na sauti yake ndogo ikafika kila mahali. "Lakini asijibu na shingo kama kondoo. Aseme kwa mdomo."

"Dresa, unaharibu mazoezi!"

"Aseme jina lake tu. Mtoto wa Mirumbe, jina lako nani? Umesahau? Nikusaidie herufi ya kwanza? Ama ulimi umeenda likizo? Huyu ndiye ofisa wenu, afande. Atawapigia adui kelele namna gani? Atawatikisia kichwa?"

Mmoja kwenye mstari akacheka kupitia puani, na puani kukatoka moshi. Maroa alikuwa anamkazia dada yake macho, machozi yamejaa, mishipa ya shingo imesimama. Bhoke hakuacha.

"Mama alipokuzaa ulilia siku nzima, kijiji chote kilihama. Leo unashindwa na neno moja. Sema, mwanaume! Ama wewe ni bibi kizee wa ziwa, nikutafutie kapu usuke?"

"Nyamaz—" Maroa akalipuka.

Hakufika mwisho wa neno. Moshi ulitoka mdomoni mwake polepole, mzito, kama unavyotoka kwenye paa la nyasi asubuhi mama akikoka moto, na katikati ya moshi kile kipisi kikadondoka, kikiwaka, kikaanguka upana wa kiganja kutoka kwa boksi lililo wazi.

Bhoke alikikanyaga na kiatu chake cha mpira. Akaendelea kukikanyaga muda mrefu baada ya kuzimika.

Kisha Brigedia akatoa fimbo kwapani.

"Funga hilo boksi," akasema kwa upole. Sajini akafunga. "Wote. Fungueni midomo."

Wakafungua. Na, jamani, ilikuwa kama kijiji kinapika! Wa tatu, moshi. Wa saba, moshi. Wa tisa anajaribu kumeza anakohoa cheche. Javan ametoa ulimi wa zambarau na kipisi juu yake kama zawadi. Tisa kati ya thelathini, hatua chache kutoka kwa baruti inayotosha kuhamisha kilima.

Kapteni alikuwa amesimama na karatasi yake ya sufuri mkononi. Brigedia akamgeukia.

"Wewe una kibiriti?"

Kapteni akajipapasa. Kilikuwa mfukoni, pamoja na kiko.

"Afande, hii ni... kiko ni ya kufikiria."

"Na ulikuwa unafikiria nini, karibu na baruti?"

Hilo swali Kapteni alienda kulifikiria kwenye bohari ya blanketi kule kaskazini, alikohamishiwa. Wale wanane walirudishwa muhula mzima nyuma. Bhoke alipewa barua ya onyo kwa kuteremka garini bila amri. Na yule wa tisa, aliyekuwa na fataki mkononi na chang'aa kwenye chupa ya jeshi, alifukuzwa.

Ijumaa Bhoke aliomba ruhusa, akapanda basi naye mpaka Migori, halafu lori la mahindi mpaka Kehancha, halafu miguu. Maroa alimgeuzia mgongo njia nzima. Alikuwa amevaa shati la nyumbani, na sanduku lake la bati lilikuwa linamgonga goti kila hatua. Walipofika pale ambapo unaanza kuona mashamba ya kwao, ndipo akasimama.

"Umeniua," akasema.

"Nimekuua wapi na unaongea?"

"Unajua ninamaanisha nini. Ungenivuta pembeni."

"Nilikuvuta. Mbele ya Brigedia na kila mtu nilikuvuta. Ulisema nini?"

Maroa akaangalia vidole vya miguu.

"Mwambie mama nilianguka mtihani," akasema, na sauti ikawa ya yule mtoto wa mgongoni. "Dada, tafadhali. Ama wamefunga chuo."

"Mimi sitamwambia kitu. Si mimi nilikuwa na moto mdomoni. Lakini ukidanganya nitakuwa nimekaa hapo hapo, nikikuangalia."

Mama yao alikuwa nyuma ya nyumba anapepeta wimbi. Aliwaona wote wawili, siku ambayo si ya sikukuu, na sanduku. Akaweka ungo chini. Akawaletea viti na maji ya kunawa, akakaa, akangoja.

"Mama, chuo kime..." Maroa akaanza. Bhoke akakohoa. Maroa akashika magoti yake yote mawili.

Halafu akasema. Alisema vibaya, anarukaruka, anarudi nyuma, lakini alisema yote: chupa, sigara, fataki, na hata kile kiganja kimoja kati ya kipisi na boksi. Alipomaliza, kuku walikuwa wameshaingia kwenye wimbi na hakuna aliyewafukuza.

"Wangapi walikuwa karibu?" mama akauliza.

"Kumi na mmoja kwa shimo. Na mimi. Na yeye."

Mama akahesabu kwa vidole. Halafu akamchukua mkono wa kulia, akaugeuza, akautazama kidole kwa kidole, akauchukua wa kushoto, akafanya vile vile. Mikono ilikuwa bado inatetemeka kidogo. Akaiachilia.

"Kuna uji ndani," akamwambia. "Ukishakunywa, kuna jembe nyuma ya mlango. Na nikikusikia na hiyo harufu hapa, utalala na mbuzi, na mbuzi watalalamika."

Maroa akainuka akaingia. Mama akabaki akiangalia mlango. Alikuwa amezeeka tangu wafike, Bhoke aliona hivyo, kwenye shingo na mabega. Bila kugeuka akasema,

"Kijiji chote kilikuwa kinangoja hiyo nyota. Na wewe ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza, mama," Bhoke akasema, akainama kufukuza kuku.